Nani Huchagua Tiba ya Mwenye Skizofrenia?

Kila ifikapo tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, wakubwa wetu husimama majukwaani na kutoa kauli ambayo tumeizoea kiasi cha kutoisikia tena: Serikali itahakikisha dawa zinapatikana. Makofi hupigwa. Hakuna anayeuliza ni dawa zipi, ni nani atakayezichagua, wala ni kitu gani kinamsubiri mgonjwa baada ya kuzimeza. Makala haya yanahusu maswali hayo matatu, nayo yanahusu ugonjwa mmoja tu, skizofrenia, kwa kuwa ndio unaoonyesha waziwazi jinsi tulivyoukubali upungufu na kuuita tiba. Si ugonjwa wa wachache. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa humpata takriban mtu mmoja kati ya 300. Kata yenye wakazi elfu kumi na tano, basi, inaweza kuwa na watu hamsini wanaoishi nao, wengi wao wakiwa hawajawahi kuambiwa jina lake.

Hoja ninayoipinga hutolewa mara nyingi na watu wenye nia njema. Husema hivi: nchi yetu ni maskini, tuanze na dawa, hayo mengine, yaani vikao na familia, mafunzo ya stadi za maisha, kumshika mkono mgonjwa arudi kazini au darasani, ni anasa ya mataifa tajiri, tutayafikia tukijaliwa uwezo. Nadai kwamba hoja hii ni potofu kitabibu na kiuchumi, na kwamba imedumu kwa sababu ina manufaa kwa watu wengine, si kwa wagonjwa.

Lililo kweli lisemwe kwanza. Dawa hufanya kazi. Kabla ya mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker walipoanza kutumia klorpromazini katika hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris, hospitali nyingi za wagonjwa wa akili duniani zilikuwa maghala ya binadamu. Mwaka 2012 Stefan Leucht na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi wa majaribio 65 ya dawa hizi. Katika mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia watu 27 kati ya kila 100 walioendelea na dawa, na watu 64 kati ya kila 100 waliopewa badala yake vidonge visivyo na dawa ndani. Tofauti hiyo haina mjadala. Mhubiri anayemwamuru kijana atupe vidonge vyake mbele ya madhabahu kama ushahidi wa imani anacheza na maisha yasiyo yake, nami sioni kwa nini sheria imtazame kwa upole kuliko inavyomtazama muuza dawa bandia. Na wasomi wenzangu waliosoma vitabu viwili vya Ulaya ya miaka ya 1960 wakatoka na fundisho kwamba wazimu ni jina tu ambalo wenye mamlaka huwabandika wakaidi, ningewaomba wakeshe usiku mmoja na mtu anayetukanwa na sauti zisizo na mwenyewe tangu magharibi hadi alfajiri.

Lakini takwimu hizohizo na zisomwe hadi mwisho. Watu 27 kati ya 100 ugonjwa uliwarudia dawa ikiwa ndani ya miili yao, tena hao walikuwa katika majaribio, wakifuatiliwa kwa karibu. Hawakuwa watu wa kupanda basi kutwa nzima kufuata sindano moja. Zaidi ya hayo, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao CATIE, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba ndani ya miezi 18 asilimia 74 ya washiriki waliiacha dawa waliyopangiwa mwanzoni: wengine kwa sababu haikuwasaidia, wengine kwa sababu ya maudhi yake, wengine kwa uamuzi wao tu. Hiyo ni Marekani, nchi ambayo haikosi kidonge cha aina yoyote. Dawa kupatikana ni jambo moja. Dawa kumezwa mwaka baada ya mwaka ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili halitatuliwi na Bohari ya Dawa.

Kisha kuna lile ambalo dawa haijawahi kuahidi. Dawa hizi huzipunguza sauti, nazo hulegeza ile imani ngumu kwamba jirani ametia sumu kisimani au kwamba redio inamtaja mtu kwa jina. Haziuondoi sana unyong'onyevu unaobaki nyuma: kukosa ari, kujitenga, kunyamaza, uso usiobadilika kwa furaha wala huzuni, kushindwa kuipanga siku. Ndugu humwona kijana ametulia, wakasema amepona. Baada ya miezi miwili huanza kuuliza mbona haogi asipoambiwa, mbona jembe ameliacha katikati ya tuta, mbona anakula kisha analala. Huitwa mvivu. Hugombezwa. Na hapo ndipo kitanda chake cha wodini huanza kuandaliwa upya, ingawa hakuna anayejua.

Hili la kugombezwa si dhana ya wazee. Mwaka 1972 George Brown, Jim Birley na John Wing walichapisha uchunguzi wao kuhusu wagonjwa waliotoka hospitalini London na kurejea kwa jamaa zao. Katika nyumba zilizojaa lawama, ukali au kuingiliwa kupita kiasi, ugonjwa ulirudi kwa watu 58 kati ya kila 100 ndani ya miezi tisa. Katika nyumba tulivu ulirudi kwa 16. Nayaeleza haya kwa hadhari, maana wapo waliochukua matokeo hayo wakayageuza fimbo ya kuwachapia akina mama. Mama aliyeuza mbuzi wake wote akimzungusha mwanawe kutoka kwa mganga hadi kwa nabii, kutoka kwa nabii hadi hospitali, na ambaye hakuna mtu aliyewahi kuketi naye dakika kumi amweleze kinachomsibu mtoto wake, hastahili lawama ya mtu yeyote. Hana elimu ya ugonjwa huo kwa sababu walioajiriwa kumpa hawakumpa. Sisi tuliompa karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi ndio wa kuulizwa.

Tuje sasa kwenye neno kuchagua. Katika kliniki zetu nyingi anayechagua ni kabati. Kilichomo kabatini ndicho ambacho ugonjwa wako unahitaji: mwezi huu haloperidoli, mwezi ujao klorpromazini, na kwa yule anayesemekana ni msumbufu, sindano ya flufenazini ya kila mwezi, iwe alieleweshwa au hakueleweshwa. Mgonjwa hasemi neno. Mara nyingi huzungumza shangazi aliyemleta, naye daktari humjibu shangazi.

Ubaya wa jambo hili hauonekani mpaka mtu ajue kwamba, ukiiweka kando klozapini, dawa hizi hazipishani sana katika uwezo wa kunyamazisha sauti. Zinapishana zaidi katika kile zinachomtoza mtu mwilini. Haloperidoli, flufenazini na za aina hiyo hukakamaza misuli, hutetemesha mikono, huitia miguu mchecheto kiasi kwamba mtu hawezi kukaa kitini, na kwa waliozitumia kwa miaka mingi, ulimi na midomo huweza kuanza kuchezacheza bila hiari na isiache hata dawa ikisitishwa. Olanzapini haikakamazi sana, lakini hunenepesha na kufungua mlango wa kisukari. Risperidoni huweza kuvuruga hedhi, kutoa maziwa kwenye matiti ya asiyenyonyesha na kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Klorpromazini humlaza mtu usingizi.

Sasa nani ajue lipi linavumilika? Fundi cherehani anayetetemeka mikono amepoteza mkate wake. Kwake unene ni afadhali. Binti ambaye kwao mama na bibi wote wana kisukari ana hesabu tofauti. Mwanafunzi anayesinzia saa mbili za kwanza za kila siku atafeli, na dereva anayesinzia ataua. Mwanamume aliyeoa juzi ambaye hakuonywa kuhusu hamu yake atadhani amerogwa, na ataiacha dawa kimyakimya kabla hajamwambia daktari jambo la aibu kama hilo. Daktari anaijua dawa, lakini siku ya mgonjwa inajulikana na mgonjwa peke yake, na bila maarifa hayo mawili kukutana mezani hakuna uchaguzi uliofanyika. Kuna ugawaji tu. Kisha mtu akishindwa kuishi na alichogawiwa, faili lake huandikwa kwamba ameacha dawa, na kosa linakuwa lake.

Klozapini inastahili kuelezwa peke yake, kwa kuwa inaivunja hoja ya umaskini kwa upande ambao haukutarajiwa. Takriban theluthi moja ya wenye skizofrenia hawapati nafuu ya maana kwa dawa za kawaida. Mwaka 1988 John Kane na wenzake walionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa namna hiyo, 30 kati ya 100 walipata nafuu kwa klozapini ndani ya wiki sita, dhidi ya 4 kati ya 100 kwa klorpromazini. Dawa hii si mpya na haina tena hatimiliki ya kuipandishia bei. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hatari yake kubwa inajulikana: kwa watu wachache, chini ya mmoja kati ya 100, hushusha vibaya chembe nyeupe za damu, ndiyo maana mtumiaji hupimwa damu kila wiki katika miezi ya mwanzo. Kipimo chenyewe ni picha kamili ya damu, kipimo ambacho hospitali ya wilaya humfanyia hata mwenye homa. Kinachokosekana ni daftari la kumfuatilia mtu mmoja kwa jina lake, nauli yake ya kila wiki, na mhudumu wa kumwuliza mbona jana hakuja. Yaani hata dawa yenye nguvu kuliko zote haifiki kwa mgonjwa pasipo yale tuliyoyaita anasa.

Anasa! Neno hilo lingemshangaza Thomas Adeoye Lambo. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta nchini Nigeria, daktari huyu aliwapangisha wagonjwa wake katika nyumba za wanakijiji, kila mmoja na ndugu wa kumwangalia. Asubuhi walipata matibabu ya hospitali, kutwa iliyobaki waliishi kama watu: walilima, walipika, walikwenda sokoni. Dawa na maisha havikutenganishwa. Hapa Tanzania nasi tulikuwa na vijiji vya kilimo vya kuwarekebisha wagonjwa wa akili, Vikuruti kikiwa kimojawapo. Ni wangapi kati ya wanaohutubia tarehe 10 Oktoba wanaovikumbuka? Wazo kwamba mgonjwa anahitaji kazi na kuheshimiwa pamoja na dawa halikuja na ndege kutoka Geneva. Tulikuwa nalo, tukaliacha, na sasa tunaambiwa ni la kigeni.

Ushahidi wa karibuni umetoka katika nchi zisizo tajiri. India, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa waliwatembelea wenye skizofrenia majumbani kwa mwaka mmoja, pamoja na matibabu ya kliniki. Dalili na ulemavu unaotokana na ugonjwa vilipungua zaidi kuliko kwa waliopata kliniki peke yake. Mafanikio yalikuwa ya wastani, sitayakuza, na yalionekana zaidi pale ambapo huduma ya awali ilikuwa duni. Vijijini Ethiopia utafiti wa RISE, uliochapishwa mwaka 2022, ulitumia wahudumu wasio madaktari wala wauguzi, nao ukapunguza ulemavu. Ibadan na Kumasi, mwaka 2020, Oye Gureje na wenzake walichapisha matokeo ya wahudumu wa afya kushirikiana na waganga wa jadi na viongozi wa maombi ambao tayari walikuwa wanawahifadhi wagonjwa: baada ya miezi sita dalili zilikuwa zimeshuka zaidi kwa hao kuliko kwa walioachwa katika utaratibu wa kawaida. Na kwetu, Muhimbili na Mbeya, umefanyika mradi wa KUPAA, Kuwezeshana Kupata Uzima, unaomketisha mgonjwa pamoja na ndugu yake katika vikao vya kuuelewa ugonjwa na kupanga maisha nao. Jina lake ni la Kiswahili na wataalamu wake wamo nchini. Inayokosekana ni sahihi ya mtu mmoja kwamba hiki sasa si mradi, ni huduma.

Vikao vya namna hiyo havina miujiza. Watu hukaa, huambiwa ugonjwa huu ni nini na si nini. Kwamba haukuletwa na laana ya ukoo. Kwamba kabla haujarudi huwa na dalili zake za kubisha hodi, kwa huyu ni kukosa usingizi siku tatu, kwa yule ni kuanza kufunga madirisha mchana. Hukubaliana nani akumbushe vidonge na kwa maneno gani. Hujifunza kumwomba mtu afanye jambo dogo moja badala ya kumwaga lawama za mwaka mzima. Hupanga ni nani wa kupigiwa simu na ni nani wa kutoa nauli.

Kwa nini basi Serikali yetu, na si yetu peke yake, hulipenda sanduku la dawa? Kwa sababu sanduku huhesabika. Huagizwa, hupokelewa, hupigwa picha likikabidhiwa. Hakuna waziri aliyewahi kukata utepe wa mazungumzo ya saa moja kati ya afisa ustawi wa jamii na familia ya watu watano. Wafadhili nao, kwa uungwana wao wote, hupenda kitu chenye namba ya shehena. Hospitali ambayo ina wodi iliyojaa huonekana inafanya kazi. Kliniki ambayo wagonjwa wake hawarudi wodini haina cha kuonyesha. Na gharama halisi, zile za gari la polisi, za kitanda Mirembe, za msimu wa kilimo aliopoteza baba akimlinda mwanawe, huangukia daftari la mtu mwingine.

Ipo hoja ya haki inayotolewa na madaktari wenyewe: foleni ni ndefu, mabingwa ni wachache, dakika tano kwa mgonjwa ndizo zilizopo. Naiheshimu. Lakini hakuna hata utafiti mmoja kati ya hiyo ya India na Ethiopia uliomtaka bingwa akae kwenye mkeka wa mgonjwa. Wote ulimtaka asimamie wanaokaa. Mwaka 2024 tulizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wahudumu hao wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za chanjo, wajawazito na lishe. Nyumba ambayo kijana amefungwa mnyororo chumba cha uani nayo wanaipita. Wafundishwe cha kufanya pale.

Ugonjwa huu, tena, huanza hasa katika ujana, kuanzia miaka ya mwisho ya sekondari hadi ishirini na kitu. Sisi tunaofundisha vyuoni twawaona. Mwanafunzi mzuri huanza kukosa vipindi, huandika insha isiyofuata swali, huacha kuoga, wenzake humhama chumbani. Kisha jina lake hutoweka orodhani, na sababu inayoandikwa ni utoro. Utafiti wa Marekani uitwao RAISE, uliofanyika katika kliniki 34, uliwapa vijana waliopatwa kwa mara ya kwanza dawa zilizochaguliwa kwa kushauriana nao, elimu kwa familia, mazungumzo ya tiba, na mtu wa kuwasaidia kurudi kazini au masomoni, yote kwa pamoja. Walidumu zaidi katika matibabu na maisha yao yakawa bora kuliko ya waliopata huduma ya kawaida, hasa wale waliofikiwa mapema. Waliochelewa, hata kifurushi hichohicho kiliwasaidia kidogo. Kwa hiyo kila muhula tunaopoteza tukimwandika kijana mtoro una gharama ambayo haitalipwa baadaye kwa sanduku lolote.

Wapo watakaoniuliza: na anayekataa tiba kwa kuwa haamini kwamba anaumwa, naye achague? Swali gumu, na sitalikwepa. Zipo siku ambazo mtu lazima azuiwe asijiumize, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa siku hizo. Lakini mwenye skizofrenia hayuko katika siku hizo maisha yake yote. Ana miezi, pengine miaka, ya kuelewa vizuri tu. Katika miezi hiyo aulizwe, na jibu lake liandikwe na kutiwa sahihi: dawa ipi ilinifaa, ipi sitaki tena, nani aitwe, nani asiitwe, mnishike vipi ikibidi kunishika. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Karatasi moja ya namna hiyo ndani ya faili ingekuwa utekelezaji wenye maana kuliko semina nyingi nilizowahi kualikwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mjadala juu ya kitita cha mafao bado utarudi mara nyingi. Kitita kikilipia kidonge na kisilipie kikao, mhasibu atakuwa ameshachagua tiba kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Basi mbunge yeyote anayejali ainuke msimu ujao wa bajeti aulize mambo manne, asiridhike na jibu la jumla: katika hospitali ya wilaya yake mwenye skizofrenia ana dawa ngapi za kuchagua, anayehitaji klozapini atapimiwa wapi damu, na kwa nauli ya nani, familia yake italipiwa vikao vingapi kwa mwaka, na ni mtumishi gani, mwenye cheo gani na mshahara kutoka fungu lipi, atakayeviendesha.